Bendera ya Kituo Kisicho na Jina

Hapo zamani, si zamani ya majini wala ya wanyama kusema, bali zamani ya karibu ambayo vumbi lake bado limo viatuni, palikuwa na chuo kikuu kilimani, na chini ya kilima palikuwa na reli. Chuo kilikuwa kikubwa: wanafunzi elfu kumi na mbili, mabweni tisa, na maktaba yenye madirisha mia. Reli ilikuwa moja tu. Juu yake treni ya abiria ilipita mara mbili kwa siku, asubuhi ikienda mjini, jioni ikirudi.

Treni ilipita chini ya chuo. Haikusimama.

Ilisimama Lukwambe, penye nyumba thelathini. Ilisimama Kisima cha Chumvi, pasipo na kitu kando ya reli ila tangi bovu la maji na mbuzi waliolala kivulini mwake. Lakini penye watu elfu kumi na mbili ilipita kama mtu aliyepishana na mdai wake. Sababu yenyewe haikuwa na ubaya. Reli ilitangulia, chuo kikafuata, na waliojenga chuo walikuja kwa magari. Hakuna aliyekumbuka kuiambia reli kwamba imepata jirani.

Sikudhani binti Mkwepu alikuwa akisoma uhandisi wa maji kwenye chuo hicho, mwaka wa pili. Angetaka kulala bwenini kama wenzake, lakini baba yake, fundi seremala wa Lukwambe, alikuwa amepooza upande mmoja, na nyumbani walikuwa wawili tu. Mchana jirani alimtazama. Asubuhi na jioni palikuwa na kumgeuza, kumwogesha, kumlisha uji kwa kijiko, na hiyo ilikuwa kazi ya Sikudhani. Basi kila siku alipanda treni saa kumi na moja na nusu alfajiri, akiwa na madaftari yake na kipande cha kiporo.

Saa moja na robo treni ilipita chini ya chuo. Kutoka dirishani aliona kila kitu. Aliona mashuka yaliyoanikwa kwenye kuta za mabweni. Aliona wenzake wakitembea na vikombe vya chai. Siku moja alimwona rafiki yake akipiga mswaki, akampungia mkono, rafiki akampungia. Magurudumu yalisema bado kidogo, bado kidogo, bado kidogo. Treni ikapita, chuo kikabaki kilimani.

Treni iliingia mjini saa moja na dakika arobaini. Basi la chuo liliondoka mjini saa moja na nusu. Kwa sababu ya dakika kumi hizo Sikudhani alitembea kilomita kumi na moja kurudi alikotoka kupita. Alifika getini saa nne kasorobo, na kipindi cha kwanza kilianza saa mbili.

Chuo kilikuwa na kanuni: atakayekosa robo ya vipindi vya somo hataruhusiwa kufanya mtihani wake. Sikudhani hakuwa mvivu, hakuwa mzembe, lakini kanuni haikuuliza hayo. Kufikia mwezi wa tano alikuwa amebakiza asubuhi moja tu ya kukosa. Akikosa ya pili, mwaka wote ungekwenda na maji, na baba yake aliyeuza randa na misumeno yake yote ili bintiye asome angeambiwa nini?

Sasa sikilizeni habari ya mtu wa kwanza.

Dereva wa treni ile aliitwa Ambakisye, mzee wa masharubu meupe, miaka thelathini na moja juu ya reli. Pale Lukwambe kichwa cha treni kilisimama karibu na bomba la maji, na kila alfajiri Sikudhani alipita chini ya dirisha lake akamwamkia. Alfajiri moja akapita kimya.

"Wewe binti," akasema Ambakisye kutoka juu. "Leo shikamoo yangu umeisahau nyumbani?"

"Shikamoo, mzee. Nisamehe. Nina mawazo."

"Marahaba. Mawazo ya mchumba au ya shule?"

"Ya shule. Nimebakiza asubuhi moja ya kukosa, na leo ndiyo nakwenda kuikosa. Kesho kuna jaribio saa mbili. Kesho nikikosa, nimekwisha."

Ambakisye akatazama breki zake. "Mwanangu, mimi nina breki ya stesheni na breki ya hatari. Breki ya huruma hawakunipa."

"Najua, mzee. Sikuomba. Umeuliza, nikajibu."

Kesho yake treni ikaondoka Lukwambe kama kawaida. Sikudhani akakaa dirishani. Magurudumu yakasema bado kidogo, bado kidogo. Kilima kikatokea, mashuka yakatokea, maktaba ikatokea. Kisha magurudumu yakasema bado, yakasema ba, yakanyamaza. Treni ilikuwa imesimama kwenye sehemu moja tambarare, kando ya shamba la karanga. Honi ikalia mara moja.

Kwa muda hakuna aliyesogea. Mama mmoja mwenye kuku akauliza kama wamegonga ng'ombe. Sikudhani akasimama, akafungua mlango, akashuka ngazi ndefu ya chuma, akaruka chini kwenye kokoto. Alipogeuka aliona kwamba hakushuka peke yake. Kutoka behewa la pili, la tatu, la sita, wanafunzi walikuwa wakishuka, wengine viatu mkononi. Walikuwa sitini na watatu. Kila mmoja alikuwa amedhani shida hiyo ni ya wachache tu.

Jaribio lilipoanza Sikudhani alikuwa kitini, na kalamu mkononi.

Dereva haruhusiwi kusimama pasipo na stesheni. Ambakisye hakuficha. Kwenye kitabu cha safari aliandika mwenyewe: Nimesimama dakika mbili. Sababu: abiria walikuwa wamefika.

Wakubwa wa reli walisoma wakacheka, kisha wakamwadhibu. Alikuwa amebakiza miezi tisa kustaafu. Wakamtoa kwenye treni ya abiria, wakampeleka yadini kupanga mabehewa ya mizigo, mbele mita mia, nyuma mita mia. Kwenye reli ile palikuwa na desturi: dereva akistaafu, safari yake ya mwisho kichwa cha treni hupambwa kwa majani mabichi, na mke wake hupanda naye mbele, na kila stesheni hupiga kengele. Mke wa Ambakisye alikuwa ameshashona gauni. Hakulivaa. Mumewe alistaafu siku ya Jumanne yadini, akakabidhi funguo, akapanda baiskeli yake.

Habari ya sitini na watatu ilienea, magazeti yakaandika, na wakubwa wa reli wakasema: sawa, tutatuma watu wakahesabu abiria, tuone kama panafaa kituo. Wakatuma watu wawili na viti vya kukunja. Wakatuma mwezi wa nane.

Mwezi wa nane chuo kilikuwa kimefungwa.

Wale watu walikaa wiki nzima kandokando ya reli kwa uaminifu mkubwa, wakahesabu, wakaandika: wahitaji wa kituo, watu wanne, mmoja wao alikuwa amepotea njia. Taarifa ikabandikwa. Hakuna abiria. Shauri limefungwa.

Chuo kilipofunguliwa, treni ikapita, chuo kikabaki kilimani, na Sikudhani akaanza kuhesabu upya asubuhi zake za kukosa.

Hapo ndipo anapoingia mtu wa pili, na huyu hakupendwa na mtu.

Kwenye geti la chuo alikaa mlinzi aliyeitwa Magesa. Wanafunzi walimwita Afande Kalamu. Kazi yake ilikuwa kuandikisha wachelewaji: jina, saa, sababu. Kila mistari mia ilileta barua ya onyo, na Sikudhani alikuwa na barua mbili za mkono wa Magesa. Walimjaribu kwa soda, hakunywa. Walimjaribu kwa machozi, akawapa kitambaa na kalamu.

"Afande, leo tu nisamehe," Sikudhani aliwahi kumwambia, miguu imejaa vumbi hadi magotini.

"Andika."

"Lakini unaijua sababu. Kila siku ni ileile."

"Kwa hiyo itakuwa rahisi kuiandika."

Tena alikuwa na udhia mmoja wa ziada. Kwa kuwa wapo waliolala wakaamka saa tatu, wakaja getini na uongo wao wakiandika "treni", Magesa alidai kuona tikiti. Asipoiona, alikata neno "treni" akaandika "usingizi". Akiiona, alinakili namba yake kwa mwandiko wa mviringo, pembeni mwa jina. Alifanya hivyo miaka minne, na hakuna aliyemwagiza.

Asubuhi moja Sikudhani alikuwa akiandika mstari wake, akatupa jicho ukurasa mzima. Treni, treni, usingizi, treni, treni. Namba, namba, namba. Akaacha kuandika.

"Afande, vitabu vya zamani viko wapi?"

"Kabatini. Kwa nini?"

"Wamesema hakuna abiria."

Magesa akamtazama, akatazama kitabu. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, kama anayevuka mto asioujua kina. "Vitabu ni mali ya ofisi," akasema. "Sikupi."

"Sawa, afande."

"Sijamaliza. Sikupi, lakini sijasema sivipeleki."

Akavipeleka. Hakuomba ruhusa, maana alijua angeiomba mwezi mzima. Alivaa sare yake, akapiga pasi hadi kola, akafunga vitabu sita kwa kamba ya katani, akaenda Lukwambe, na alfajiri akapanda treni na Sikudhani hadi makao makuu ya reli mjini. Afisa aliyewapokea alikuwa na haraka.

"Mzee, hesabu tulishafanya."

"Ndiyo, mkuu. Na mimi nilifanya. Hii ya kwangu ina mistari elfu arobaini na moja." Akafungua. "Namba hizi za tikiti ni zenu, si zangu. Linganisheni na za kwenu. Ikipungua moja, nirudishieni vitabu na mnifukuze."

Walilinganisha siku tatu. Haikupungua moja.

Na siku ileile ya kupeleka vitabu, Magesa aliporudi chuoni alikuwa amechelewa zamu. Alifika getini saa tano. Mlinzi mwenzake akamwambia apite tu, nani atamwandika? Magesa akavuta kitabu, akachukua kalamu: Magesa, saa tano, treni. Akanakili na namba ya tikiti. Ofisi ilimpa barua ya onyo kwa kuondoka na vitabu bila ruhusa, na kwa barua ile akakosa kupandishwa cheo alichokingojea miaka sita. Sikudhani alipokwenda kumpa pole, alimkuta akiisoma kwa makini.

"Wameandika tarehe sivyo," akasema. Hilo ndilo lililomuudhi.

Basi kituo kikakubaliwa. Mhandisi akaja na darubini yake na vijiti vyake. Akapima huku, akapima kule. Jukwaa la abiria halijengwi kwenye mwinuko wala kwenye kona, maana hapo treni haisimami sawasawa. Kilomita nne zote chini ya chuo zilikuwa mwinuko na kona, isipokuwa mita mia mbili. Mita hizo zilikuwa shamba la karanga, palepale aliposimama Ambakisye. Wakapiga vigingi vyekundu.

Sasa mtu wa tatu.

Shamba lilikuwa la Bi Nyamizi, mjane. Vigingi vilipigwa asubuhi, jioni vilikuwa vimeng'olewa na kupangwa vizuri kando ya njia kama kuni. Vikapigwa tena, akang'oa tena. Mara ya tatu akapikia. Wajumbe walikwenda na karatasi, akawapa karanga wakarudi na karatasi zao. Muhula mzima ukapita hivyo. Muhula huo wanafunzi kumi na mmoja walizuiwa mtihani kwa kukosa vipindi, na mmoja wao, kijana wa kutoka Kisima cha Chumvi, alirudi kwao na hakuonekana tena chuoni.

Sikudhani naye alibakiza asubuhi mbili. Siku ya Jumamosi akaenda shambani peke yake, bila karatasi. Akamkuta bibi amechuchumaa, anapalilia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kama umekuja na kalamu, mimi sijui kusaini. Kama umekuja na jembe, mstari ule haujaguswa."

Sikudhani akachukua jembe. Wakapalilia hadi jua likawa utosini. Mwisho wa mstari, karibu kabisa na reli, alikuta mawe yamezungushwa kwenye kichuguu cha udongo, na juu yake nyundo ya chuma yenye kutu, ya kugongea mataruma, yale magogo yanayobeba reli.

"Huyo ni mume wangu," akasema bibi. "Alikuwa mnyapara wa gengi la kutengeneza njia ya reli. Kipande hiki cha reli alikitunza yeye. Alisema, nikifa nizike nisikie treni. Nikamzika. Sasa wanataka kumjengea saruji kichwani, waniite mkaidi."

Sikudhani akaweka jembe chini. Alijua kwamba akisema neno moja la kumwomba bibi yule, atakuwa amekosea, na asiposema, mwaka wake umekwenda. Akaanza kung'oa majani yaliyoota kati ya mawe.

Bi Nyamizi akapukuta mikono. "Asubuhi ile treni iliposimama, nilikuwa hapa. Niliona watoto wanamiminika kwenye karanga zangu. Nikafungua kinywa niwalaani. Unajua nini kilinizuia?"

"Sijui, bibi."

"Mlipita mmoja nyuma ya mwingine. Wa mbele alikanyaga, wa nyuma akakanyaga palepale, na wa nyuma yake palepale. Watoto sitini, mkanivunjia mistari miwili tu. Nikasema, hawa wana kwao." Akatazama kaburi. "Wa mbele alikuwa nani?"

"Mimi, bibi."

"Nilidhani ni wewe. Una mguu mdogo." Kisha akasema, kama anayezungumza na yule aliyelala: "Treni inayopita umeisikia miaka. Inayosimama hujaisikia hata moja."

Wakamhamisha. Wazee wa ukoo walikuja, kukawa na unga wa mtama na kitambaa cheusi, na Bi Nyamizi alikataa koleo isimguse mumewe. Udongo wa mwisho aliutoa kwa mikono. Alilia mchana kutwa. Ndugu wawili wa marehemu walimwambia mbele za watu kwamba ameuza mfupa wao, na hadi leo hawamsalimu. Kaburi jipya likawa juu kidogo, mahali unapoona jukwaa lote. Shamba akaliachia. Walipomuuliza anataka nini, alisema: "Karanga za hapo nitauza mimi. Mwingine asithubutu."

Kituo kikajengwa. Jukwaa, paa la bati, benchi mbili, ngazi za kupanda chuoni. Na ubao mkubwa mweupe wa jina. Ubao huo haukuandikwa kitu, kwa sababu ya desturi nyingine ya reli ile. Treni ya kwanza ya kituo kipya haiondolewi na gadi wa treni, yule mwenye kazi ya kuiruhusu kuondoka. Huondolewa na mwenye kituo, yule ambaye kwa ajili yake kituo kimekuwapo. Yeye hupeperusha bendera ya kijani, bendera huwa yake, na kituo huchukua jina lake. Jina hilo litaandikwa kwenye ubao, kwenye ratiba na kwenye kila tikiti.

Wakubwa wa reli wakasema: wanafunzi wachague. Wanafunzi wakakutana mara tatu. Mara tatu walitoka wamenuniana. Mwishowe wakasema: Sikudhani ndiye aliyeshuka wa kwanza, yeye ndiye atakayetoa bendera.

Usiku wa kuamkia siku hiyo alimlisha baba yake uji.

"Baba, nimepewa mzigo. Kuna watu watatu, na bendera moja. Shukrani ina mikono miwili, baba, bendera ina mpini mmoja."

Mzee Mkwepu alimeza taratibu. Maneno yalimtoka kwa upande mmoja wa kinywa. "Watu watatu wamekutendea wema."

"Ndiyo, baba."

"Wengine humtafuta mmoja maisha yote wasimpate. Hiyo shida yako, mwanangu, ni shida ya tajiri." Akacheka kicheko chake cha nusu uso, akaomba kijiko kingine.

Asubuhi treni ikaondoka Lukwambe. Sikudhani akakaa dirishani. Magurudumu yakasema bado kidogo, bado kidogo, na safari hii abiria wote walikuwa wakiyasikiliza. Mabweni yakatokea, maktaba ikatokea. Treni ikapunguza mwendo, ikasimama sawasawa na jukwaa, na Sikudhani hakuruka. Alivuka tu, kama mtu anayetoka chumba kimoja kwenda kingine.

Kilima chote kilikuwa kimejaa watu. Mbele yao walisimama watatu. Ambakisye alikuja na mkewe, na mkewe alikuwa amevaa lile gauni. Magesa alikuwa na sare na kalamu mfukoni. Bi Nyamizi alikuwa amekaa kwenye benchi na sinia la karanga, tayari anauza.

Gadi akatoa saa yake. "Ratiba inakipa kituo hiki dakika mbili," akasema, akamkabidhi Sikudhani bendera, imezungushwa kwenye mpini wake.

Wanafunzi wakaanza kupaza sauti, kila mmoja akitaja jina la mtu wake. Kelele zilipozidi, Ambakisye akainua mkono.

"Binti, mimi si mtu wa maneno. Elfu arobaini waliandikwa, na treni ikapita. Karanga zilipandwa kila mwaka, na treni ikapita. Treni ilisimama siku mtu aliposhika breki. Nilijua watanifanya nini, na nilishika. Nilitaka majani mabichi siku moja tu maishani. Nikayaacha uingie darasani."

"Hongera," akasema Magesa. "Lakini nauliza, mzee. Ulisimamisha treni mahali pasipo na ishara, kwenye njia moja. Je, kama nyuma yako kungekuwa na treni ya mizigo?"

"Nilijua haikuwapo."

"Ulijua, au ulitumaini?"

Ambakisye akapangusa masharubu. Mkewe akatazama pembeni.

"Wewe ulifanya jambo kubwa dakika mbili," akaendelea Magesa, "nao wakasema ni wazimu wa mzee, wakaendelea. Mimi nilifanya jambo dogo miaka minne. Breki yako iliwachekesha. Vitabu vyangu viliwanyamazisha. Bila vitabu, hapa pana karanga."

Mwanafunzi mmoja akapaza sauti: "Afande, uliandika ili tuadhibiwe. Hukuandika ili tusaidiwe."

"Niliandika kilichokuwapo," akasema Magesa. "Ningewasamehe kama mlivyotaka, leo ningekuwa rafiki yenu nyote, na ninyi mngekuwa bado mnatembea kilomita kumi na moja."

Bi Nyamizi akacheka, akampimia mteja karanga. "Wanaume hawa. Mmoja ana breki, mmoja ana wino. Haya, wekeni breki na wino chini, tuone kama mtu atasimama juu yake." Akakanyaga jukwaa kwa kisigino. "Wewe mzee wa moshi ulitoa kazi ambayo ingekwisha baada ya miezi tisa. Wewe wa kalamu ulikosa cheo, na cheo huja tena. Mimi mume wangu nimemzika mara mbili. Nani kati yenu amezika mara mbili?"

Kisha Ambakisye akasema kwa upole, bila ubaya: "Ni kweli, shemeji. Lakini ulipokuwa unapikia vile vigingi, watoto kumi na mmoja walikosa mtihani. Na wa Kisima cha Chumvi hajarudi."

Sinia la karanga likatulia. "Namwota," akasema Bi Nyamizi. "Usidhani simwoti."

Dakika moja ilikuwa imekwisha.

Sikudhani akaifungua bendera. Ilikuwa ya kitambaa kipya, kijani kama karanga zinapochipua. Aliwatazama wote watatu. Alimwona aliyemkuta njiani akapoteza safari yake ya heshima ili yeye awahi. Alimwona aliyemwandikia barua mbili za onyo, na kwa mwandiko uleule akamfungulia njia. Alimwona aliyemng'oa mpendwa wake ardhini kwa kucha. Angewapa kila mmoja kilima kizima kama kingekuwa chake. Hakuwa na kilima. Alikuwa na mpini mmoja.

Na wao, ajabu yake, hawakuwa wakimtazama kwa hasira. Ambakisye alitabasamu kama siku ile alipodai shikamoo yake. Magesa alikuwa ametoa kalamu aandike saa. Bi Nyamizi alimnyooshea kiganja cha karanga, akasema, "Chukua mjukuu wangu, utakula darasani. Ukiamua vibaya, nitakupa hivyohivyo."

Honi ikalia mara moja. Gadi akainua saa. Kule juu kengele ya kipindi cha saa mbili ilikuwa bado haijalia, na kwa mara ya kwanza tangu aanze chuo Sikudhani hakuhitaji kukimbia.

Akapiga hatua moja mbele, akanyoosha mkono wenye bendera.

Treni iliondoka, maana treni huondoka. Bendera ilipeperushwa na mkono mmoja, na jina moja likaandikwa kwenye ubao, nalo limechapwa kwenye tikiti hadi leo. Jina hilo ninalijua, wala silitaji. Ubao ule sasa nauleta mbele yenu ukiwa mweupe, na brashi hii hapa.

Yupo aliyesimamisha alipokatazwa. Yupo aliyeandika alipochukiwa. Yupo aliyeachia alichokuwa amekataa kukiachia. Mngekuwa ninyi mmesimama pale, shukrani imejaa kifuani na dakika ya pili inakwisha, je, bendera mngemkabidhi nani?